Niliiga sahani ya Mama, nikasahau kipande cha ndimu

Kibao cha mgahawa kilikuwa kipande cha bati, kimeandikwa kwa rangi ya kijani iliyochuruzika kabla haijakauka: HAPA HATUPIKI NYAMA, SAMAKI WALA DAGAA. USIULIZE MCHUZI.

Nilikisoma nikacheka peke yangu. Mwanza hii hii! Mji ambao ukishuka kwenye daladala jioni, kinachokupokea kwanza ni harufu ya sato anayekaangwa, na upepo ukivuma kutoka Mwaloni Kirumba unajua dagaa wa leo wamekauka kiasi gani. Halafu mtu anafungua mgahawa ndani ya chuo na kukataa hata dagaa.

Ilikuwa wiki ya usajili, mwaka 2022. Nilikuwa nimeshuka melini alfajiri nikitokea Bukoba, begi moja, ndoo moja, na bati la senene nililofungiwa na bibi kwa ajili ya "watu wazuri utakaowakuta huko". Foleni ya kuhakiki vyeti ilinila mpaka saa nane mchana. Niliingia pale kwa sababu mbili tu, palikuwa karibu na watu walikuwa wachache. Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa na mawazo yoyote kuhusu kula au kutokula nyama. Nilikuwa na njaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenawa?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza kwa kila mtu, hata mhadhiri. Ukishanawa ndipo anakutazama usoni. Sahani aliyonipa siku ile naikumbuka vizuri kuliko somo lolote la muhula wa kwanza. Ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, si mkubwa. Maharage mazito yaliyoungwa kwa karanga. Mboga ya mgagani yenye uchungu kidogo, ule wa kukufanya urudie tonge kuhakikisha. Kachumbari ya nyanya na kitunguu. Pembeni kabisa, kipande cha ndimu, ambacho nilikisukuma ukingoni nikijua ni pambo. Baadaye kikombe cha maji ya mchaichai, na kikombe hicho hakiji mpaka sahani iwe imeondolewa mezani. Yote hayo shilingi 1,500.

Maharage yale yalinirudisha jikoni kwa bibi. Kwetu ndizi na maharage ndicho chakula, nyama ni tukio. Kwa hiyo wengine walipokuwa wanalalamika kwamba kule kwa Mama Msabato mtu anakula kama yuko kwenye mfungo, mimi nilikuwa nimefika nyumbani.

Nikawa mteja wa kila siku, nikajua taratibu za mahali. Dagaa wametajwa peke yao kwenye kibao kwa sababu ya ubishi wa wanafunzi. Wapo wanaoapa kwamba samaki ni yule mwenye mwiba wa kumkaba mtu, dagaa ni mboga ya majani iliyokosa shamba. "Usiulize mchuzi" inawahusu wale wanaosema, "Mama nimwagie mchuzi wa nyama tu, nyama yenyewe baki nayo." Ijumaa jioni, jua likianza kushuka upande wa ziwani, anafunga, na hafungui tena mpaka Jumamosi jua lizame. Mimi Jumamosi ya kwanza nilikwenda saa sita mchana nikakuta kufuli. Ukiwa mgeni, nunua michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, au viazi vyake vya Ijumaa mapema, vitakuokoa.

Na hakuna chai ya majani. Hakuna kahawa. Hili liliniudhi kweli. Mimi ni mtoto wa Bukoba, kwetu mgeni anapewa buni za kutafuna kabla hajaulizwa habari za safari. Nikamuuliza, "Mama, hata ya rangi tu?" Akasema, "Mchaichai, tangawizi, au maji ya Mungu. Chagua." Ni imani yake, na sikubishana naye. Nilikuwa nakula kwake, nakwenda kunywa chai yangu baadaye hosteli, saa moja au mbili mbele. Kumbuka hapo, nitapahitaji tena.

Senene nao. Nilimpelekea lile bati kwa heshima zote, nikijua nimempata mtu mzuri ambaye bibi alimsema. Alifungua, akanusa, akatabasamu. Akaniambia Walawi sura ya 11 imeruhusu panzi na nzige waliwe, yeye anaijua vizuri sura hiyo, ndiyo inayomfanya asimguse kambale maana hana magamba. "Maandiko yameruhusu," akasema akifunga mfuniko, "lakini kibao changu hakijaruhusu." Akanirudishia bati langu.

Mpaka mwisho wa mwaka wa kwanza nilikuwa nimeacha nyama kabisa, na samaki pia, bila kupanga. Kosa langu la kwanza halikuwa kuacha. Lilikuwa kujitangaza. Nilianza kuwaambia watu "mimi sili nyama" kwa sauti ile ya mtu aliyefaulu mtihani ambao wenzake hawajaufanya. Ukishatangaza, hata ukiumwa unaona aibu kurudi nyuma.

Mwaka wa pili nikakosa nafasi hosteli. Nikapata geto upande wa Mkolani na mwenzangu, msichana wa Magu, chumba kimoja 40,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka miezi sita mkononi. Hiyo ni 240,000, nusu yangu ikawa 120,000 kabla hata sijanunua ndoo nyingine. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likachelewa. Sahani ya Mama nayo ilikuwa imepanda hadi 2,000, na kutoka geto mpaka chuoni kwa miguu ni mwendo wa kulowa jasho. Nikapiga hesabu. Maharage kilo moja 3,000, mchele kidogo, mkaa wa kopo, sukari, majani ya chai. Nikajiambia, nitakula chakula kile kile kwa bei ya chini. Ugali au wali na maharage, si ndicho anachopika yeye?

Sasa tazama nilichokuwa nakula hasa. Maharage sikuyaloweka, nilikuwa natia magadi yaive haraka, mkaa ni ghali. Mboga za majani nilinunua siku za mwanzo, zikawa zinanyauka kwa sababu hatuna friji, nikaacha. Matunda nilikuwa nayaona ni ya kupeleka hospitali kwa wagonjwa. Mtindi haukuwemo kabisa. Na kwa kuwa hakukuwa tena na Mama wa kunikataza, nilikuwa na kikombe cha bati cha nusu lita, chai ya rangi iliyokolea mpaka inaacha alama ukutani mwa kikombe, nikiiteremshia tonge. Asubuhi, mchana, usiku. Siku ambazo hela imekata napiga pasi ndefu, mlo mmoja saa kumi, chai mbili.

Mwenzangu yeye alikuwa na dagaa wake wa kukaanga na pilipili. Akanikaribisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikakataa kwa msimamo. Siku moja akaniambia, "Wewe hata mbuzi anakushinda. Mbuzi anakula majani, lakini hanywi chai." Tulicheka sana.

Baada ya muda mambo yakaanza. Kile kilima chenye mawe cha kuingilia chuoni nilikuwa nakipanda nikiongea na simu. Nikaanza kusimama katikati, nakaa juu ya jiwe, najifanya natazama ziwa. Moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Halafu nikaanza kutafuna mchele mbichi. Naomba nilieleze hili kwa sababu nililificha miezi miwili kwa aibu, na baadaye nimewakuta wasichana wengi wanaolificha. Nilikuwa na kikopo cha mchele chini ya mto. Usiku mwenzangu akilala nachota punje kumi, ishirini, naziweka kwenye meno ya nyuma nazisikia zikivunjika, kru, kru, mpaka zinakuwa unga mdomoni. Mchele ulipopungua akidhani kuna panya, nikahamia kwenye udongo ule wa kula wanaouza sokoni kwa vipande. Nilidhani ni tabia tu. Kumbe mwili ukipungukiwa madini ya chuma unaweza kukutuma vitu visivyo chakula, na udongo wenyewe unazidi kuzuia madini hayo yasiingie.

Nilianguka kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara. Sikuzimia kabisa, niliona giza nikakaa chini vibaya, goti likachubuka. Kufika jioni darasa zima lilikuwa na majibu mawili: ana mimba, au ni yale majani yake. La mimba nilijua si kweli. La majani liliniuma zaidi, kwa sababu nilianza kuliamini.

Hapo nikafanya kosa lililonigharimu wiki mbili. Badala ya kwenda kupima, nikaenda duka la dawa kuomba "dawa ya kuongeza damu". Wakanipa chupa ya sharubati 12,000. Nikaongeza juisi ya rozela na kiazisukari, maana kila mtu atakuambia kitu chekundu kinaongeza damu, utadhani damu inatengenezwa kwa rangi. Sharubati yenyewe nilikuwa nainywa na nini? Na chai, kuondoa ladha ya chuma.

Mwenzangu ndiye aliyenisukuma kwenda hospitali, kwa kweli alinibeba kwenye bodaboda. Bima nilikuwa sijakamilisha, uzembe wangu, nikalipa taslimu: kumwona daktari, kupima wingi wa damu, malaria, choo. Jumla 23,000, nilizokopa kwake. Ukiwa mwanafunzi shughulikia bima wiki ya kwanza ya muhula, usingoje kuumwa.

Damu ilikuwa 8.4. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 tayari ni upungufu. Daktari hakunigombeza kuhusu nyama kama nilivyotegemea. Aliniuliza maswali ambayo sikuyafikiria. Unaoga ziwani? Unakanyaga maji ya mwambao bila viatu? Huku kwetu kanda ya ziwa kichocho kipo, nacho kinaweza kupunguza damu, na minyoo ya safura vilevile. Malaria pia. Kwenu kuna mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Siku zako zinakwenda siku ngapi, nyingi kiasi gani? Choo kikatoka safi, malaria hakuna. Ndipo akauliza nakula nini, na mwisho kabisa, kama mtu anayeuliza habari za barabara, "Na unakunywa nini wakati wa kula?"

Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Maharage hayajakukosea kitu. Wewe ndiye unayazamisha kwenye chai."

Akanieleza kwa lugha ya kawaida. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yanafyonzwa kwa shida kuliko ya kwenye nyama, yanahitaji kusaidiwa. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula zinayashika yasiingie mwilini. Ndimu, chungwa, pera, nyanya mbichi, vyote vyenye vitamini C, vinayafungulia mlango. Kwa hiyo chai iachane na chakula saa moja au mbili, na kila sahani iwe na kitu kichachu kibichi. Jambo la pili, asiyekula nyama wala samaki ahakikishe anapata maziwa au mayai, kwa sababu kuna vitamini, B12, ambayo mimea haina. Asiyetumia hata maziwa na mayai atahitaji vidonge vyake.

Nilikaa kimya nikiiona ile sahani ya shilingi 1,500. Kipande cha ndimu nilichokuwa nakisukuma ukingoni. Kachumbari. Kikombe kisichokuja mpaka sahani iondoke. Kibakuli cha mtindi ambacho nilikuwa nakiacha kuokoa 500. Nilikuwa nimechukua maharage na ugali, vyote vingine nikaviona ni mbwembwe za mgahawa.

Vidonge vya fefo, yaani vya madini ya chuma, nilivinywa miezi mitatu. Nisikufiche, si rafiki. Tumbo linachafuka, choo kinakuwa kigumu na cheusi mpaka unaogopa, ingawa weusi huo ni wa kawaida. Wiki ya pili nilitaka kuacha. Kilichonisaidia ni kuvinywa na maji ya chungwa baada ya kula, na maji mengi kutwa. Usivinywe na chai wala maziwa. Na usiache ukijisikia nafuu. Mimi nilijisikia nafuu wiki ya tatu, kumbe damu ilikuwa bado 10.1 mwezi ulipotimia.

Siku niliyorudi kwa Mama nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa elimu yake ya lishe. Nikamuuliza, mama, hii ndimu unaiweka kwa sababu gani?

"Ladha," akasema. "Mama yangu alikuwa anaweka."

Na chai? "Si nilikuambia, imani."

Basi. Hakuna darasa lolote la lishe lililopita pale, ni mkono wa mama yake na msimamo wa kanisa lake. Nilipomweleza ya daktari alisikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza swali ambalo daktari hakuuliza: "Maharage unaloweka?" Nikasema natia magadi. Alinitazama kama nimekiri wizi.

Tukakubaliana, Jumatano na Alhamisi nisipokuwa na vipindi mchana nimsaidie kuchambua mgagani na kuosha vyombo, nami nile. Huko ndiko nilikojifunza kupika kwa kweli. Maharage yanalala majini usiku kucha, maji yale yanamwagwa, yanaiva kwa nusu ya mkaa niliokuwa natumia na tumbo halijai gesi. Yaani magadi yangu hayakuokoa hata senti. Choroko, ambazo huku kanda ya ziwa ni rahisi na mwenzangu alikuwa analetewa debe kutoka Magu, anazifunga kwenye kitambaa kibichi siku mbili mpaka zichipue vijimkia vyeupe. Mgagani ukikosa friji unauchemsha kidogo, unaukausha kivulini, unakuwa nsansa, unakaa miezi. Mwenzangu aliposikia navishangaa vitu hivyo alisema, "Hayo yote mayu anafanya nyumbani, hukuniuliza." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Kweli sikumuuliza. Nilikuwa na msimamo.

Gharama yangu ya geto baada ya hapo haikupanda kama nilivyoogopa. Ndimu tatu kwa 200, pera la msimu 100, mtindi kikombe 700 mara tatu kwa wiki, nsansa bure kutoka Magu. Nilichopunguza ni sukari na majani ya chai, ambavyo nilipoandika kwenye daftari niliona vilikuwa vinakula hela kuliko maharage. Chai bado nakunywa. Saa kumi alasiri, peke yake, bila hata andazi.

Mwezi wa tatu wa vidonge damu ilisoma 12.3. Hamu ya mchele mbichi ilikuwa imeondoka zamani, sijui hata siku gani, nilikikuta tu kile kikopo chini ya kitanda kina wadudu.

Nyama sijarudia, sioni hamu. Ila dagaa wa mwenzangu nilianza kuwala, kijiko kimoja, viwili, na sikumtangazia mtu. Kwa Mama nilikiri mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Akasema hajawahi kuniuliza nakula nini nje ya mlango wake.

Novemba iliyofuata bibi akatuma tena bati la senene kwa mtu wa melini. Safari hii sikumpelekea Mama. Nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya kile kibao, nikafungua mfuniko nikaanza kutafuna taratibu nikisubiri wali uive. Binti anayemsaidia kuosha vyombo akaja kuketi, akaomba mmoja, akaomba mkono mzima. Mama akachungulia dirishani. Alitutazama wote wawili, akatazama bati, akatazama kibao chake.

"Mkimaliza hapo," akasema, "mnawe tena."